Habari Ililala Njiani: Namna ya Kuandika Kumbukumbu ya Siku Uliposikia Habari Kubwa

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nikisema, na niko tayari kubishana na yeyote, kwamba Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki siku ya Ijumaa. Ushahidi wangu ulikuwa kamili. Nilikuwa mtoto, nimekaa juu ya dungu katika shamba letu la mpunga kwenye bonde la mto Lukuledi, mkononi nina kombeo, naamia ndege. Mjomba alikuja kwa baiskeli kwenye njia ya tutani, ameikunja kanzu yake hadi magotini na kuibana kwenye mkanda ili isiingie kwenye mnyororo. Hakuniita kwa jina kama ilivyokuwa desturi yake. Alisimamisha baiskeli, akateremsha kanzu ikafika miguuni, ndipo akasema kwa sauti ya chini, akimwambia mama aliyekuwa akipalilia upande wa pili, kwamba Sokoine amekufa. Mjomba alivaa kanzu siku moja tu katika wiki. Kwa hiyo ilikuwa Ijumaa.

Taarifa zote za umma zinasema Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Alhamisi, tarehe 12 Aprili 1984, huko Dakawa mkoani Morogoro, akitoka Dodoma kurudi Dar es Salaam. Nilipolikubali jambo hilo niliona huzuni, kwa sababu nilidhani dungu, kanzu na kombeo navyo vimekuwa uongo. Ilinichukua muda kutambua kwamba kumbukumbu yangu haikunidanganya hata kidogo, bali mimi ndiye niliyeiuliza swali lisilokuwa lake. Haikujua siku ya ajali. Ilijua siku habari ilipofika dunguni. Rais Nyerere alilitangazia taifa msiba huo redioni jioni ile ile ya Alhamisi, habari ikafika katika nyumba yenye redio, ikalala hapo usiku mmoja, na asubuhi ikapanda baiskeli pamoja na mjomba.

Maelezo yafuatayo nimeyaandika kwa ajili ya watu wa Lindi na Mtwara wanaotaka kuandika kumbukumbu zao wenyewe, au za wazazi na mabibi zao, kuhusu mahali walipokuwa habari kubwa za nchi na za dunia zilipowafikia. Shauri langu kuu ni kwamba usiandike habari yenyewe, kwa sababu hiyo imekwisha kuandikwa na magazeti na serikali. Andika safari yake ya mwisho, kutoka kwa mtu aliyekuwa nayo hadi kwako, na mkono wako ulikuwa umeshika nini ilipokufikia. Hilo hakuna gazeti lililoliandika, nawe usipoliandika litapotea.

Kabla ya kuuliza mtu yeyote

Hatua ya kwanza ni kuandika peke yako, kwa kalamu na karatasi, kabla hujazungumza na ndugu na kabla hujafungua intaneti. Watu wengi hufanya kinyume: huanza kwa kutafuta tarehe na picha, kisha hujiweka wenyewe ndani ya picha hizo. Ukishaona picha za mazishi huwezi tena kuzitenganisha na ulichokiona siku ile, na ukishamsikiliza kaka yako akisimulia, maneno yake yatakaa kinywani mwako kana kwamba ni yako.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1977 Wamarekani wawili, Roger Brown na James Kulik, walichapisha utafiti kuhusu namna watu wanavyokumbuka walivyopata habari za vifo vya viongozi, na wakaona kwamba masimulizi mengi hugusa mambo sita: mahali msimulizi alipokuwa, shughuli iliyokuwa ikiendelea, mtu aliyeileta habari, hali ya waliokuwapo, hali ya msimulizi mwenyewe, na kilichofuata mara baada ya hapo. Orodha hiyo ni nzuri na ninaitumia kama fito za kuanzia kujenga ukuta. Tatizo ni kwamba wao waliamini tukio kubwa hupiga picha akilini, picha ambayo haififii.

Haikuwa hivyo. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi wa chuo kikuu, asubuhi iliyofuata, jinsi kila mmoja alivyoipata habari. Baada ya takribani miaka miwili na nusu waliwauliza tena. Wengi walitoa masimulizi yaliyotofautiana sana na yale ya kwanza, tena kwa uhakika mkubwa, na hata walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe kumbukumbu ya kwanza haikurudi. Jennifer Talarico na David Rubin walifanya jambo linalofanana na hilo kuanzia tarehe 12 Septemba 2001, siku moja baada ya mashambulizi yaliyofanywa nchini Marekani, ila wao waliwauliza wanafunzi pia kuhusu jambo la kawaida la siku zile zile. Kumbukumbu zote mbili zilichakaa kwa mwendo mmoja. Tofauti ilikuwa kwamba ile ya tukio kubwa watu waliendelea kuiamini kwa nguvu zote.

Nayataja haya ili uandike mapema, usije ukakata tamaa ukaacha kuandika. Ukiwa na tukio la mwaka huu, liandike leo usiku. Ukiwa na tukio la miaka arobaini iliyopita, liandike vilevile, lakini juu ya karatasi weka tarehe unayoandika, ili atakayesoma ajue umbali uliopo kati ya jambo na maneno yako. Na mahali usipokumbuka, acha nafasi wazi. Mstari mtupu katika daftari ni taarifa ya kweli. Ukiujaza kwa kukisia umeuharibu ukurasa mzima, kwa maana baada ya mwaka mmoja hutaweza kujua ulikisia wapi.

Anza na mkono, si na moyo

Mtu akiambiwa aandike alivyoipokea habari ya kifo cha Mwalimu Nyerere, tarehe 14 Oktoba 1999, mara nyingi ataanza hivi: nchi nzima ilizizima, kila mtu alilia, hatukuamini. Maneno hayo si ya uongo, lakini yanaweza kuandikwa na mtu yeyote, awe Bukoba au Tandahimba, na kwa sababu hiyo hayamwonyeshi mtu hata mmoja. Anza badala yake na kitu kilichokuwa mkononi. Oktoba kwetu ni msimu wa korosho. Huenda ulikuwa unaokota chini ya mkorosho, unatenga korosho na bibo, vidole vinanata kwa maji ya mabibo. Huenda ulikuwa umesimama ghalani ukisubiri mzigo wako upimwe, au jamvini unageuza korosho zikauke. Ukikiandika kitu hicho kwanza, vingine huanza kujileta: harufu, kivuli kilipoangukia, mtu aliyekuwa karibu, na mwisho sauti iliyosema. Huzuni utaiandika baadaye, nayo itakuwa yako.

Nimewaona watu wengi wakisema hawakumbuki chochote, na walipoulizwa walikuwa wamevaa nini miguuni, wakakumbuka kila kitu.

Kisha ifuate njia ya habari. Hapa watu wa Kusini tuna utajiri ambao wengine hawanao, kwa sababu kwa miaka mingi habari hazikutufikia zikiwa mbichi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye mto Rufiji mwaka 2003, gari lililotoka Dar es Salaam lilipaswa kuvushwa kwa kivuko cha Ndundu, na masika barabara iliweza kufunga kabisa, kwa hiyo gazeti likifika lilikuwa limekwisha kuzeeka. Redio ndiyo iliyofika siku ile ile, lakini redio haikuwa ya kila nyumba, na hata mwenye nayo alitegemea betri. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka betri zikianikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari ya jioni, na zile zilizochoka zaidi zikifungwa nje ya redio kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Basi jiulize: nani alikuwa na redio katika mtaa wenu? Habari ilitoka kwake kwa mdomo wa nani? Ilipita msikitini, kanisani, kisimani, shuleni, kwenye mashine ya kusaga, au kwa kondakta wa basi? Ilikaa njiani saa ngapi au siku ngapi? Na ilipofika, ilikuwa imebadilika?

Swali hilo la mwisho ni la thamani sana. Ikiwa habari ilikufikia ikiwa na kosa, iandike na kosa lake, kwa sababu ndiyo habari uliyoishi nayo siku ile. Anayeisahihisha kimyakimya anafuta sehemu ya safari.

Habari ya tukio ambalo halikufika

Mara nyingine jambo kubwa ni kungoja. Mwezi Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kwamba Kimbunga Kenneth kinaelekea pwani yetu. Shule zilifungwa, na watu wa Mtwara wakaambiwa waondoke maeneo ya mabondeni na ya ufukweni. Jioni ya Alhamisi tarehe 25 kimbunga kiliingia nchi kavu upande wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kikawaumiza ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, na sisi tukabaki na upepo na mvua.

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba hawana cha kuandika kuhusu siku ile kwa sababu hakikutokea kitu. Mimi naona ni moja ya siku zinazofaa zaidi kuandikwa, kwa maana kila nyumba ilipaswa kuamua, katika muda mfupi, ibebe nini na iache nini. Mama mmoja wa Mikindani alinieleza kwamba alitoa vyeti vya watoto, hati ya kiwanja na picha ya marehemu mumewe, akavitia vyote katika mfuko wa rambo, akaufunga fundo mbili, akauweka wa pili juu yake na kuufunga tena, kisha akaketi kitandani ameupakata kama mtoto hadi alfajiri. Kuku aliwafungulia. Unga aliuacha. Mume alikuwa amekufa miaka mingi, lakini picha ndiyo iliyotangulia kuingia mfukoni kabla ya vyeti. Alilikumbuka hilo nilipomwomba aoneshe kwa mikono yake mpangilio wa vitu ulivyokuwa. Ndiyo sababu nasisitiza kumwomba msimulizi aoneshe kwa mikono.

Wazee wa Lindi wana kumbukumbu nyingine inayopaswa kuwekwa kando ya hii, ya kimbunga kilichoipiga Lindi mwezi Aprili 1952. Waliokiona kwa macho sasa ni wachache, nao walikuwa watoto. Ukimpata mmoja wao, usingoje hadi sikukuu.

Namna ya kumuuliza mzee

Nenda wakati ambao mzee hana kazi ya haraka, na usiende mikono mitupu ikiwa desturi ya nyumba hiyo inataka vinginevyo. Salamu zisikatwe. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu, eleza kurekodi ni nini na nani atasikiliza, na akikataa, andika kwa mkono. Akichanganya Kimakonde, Kimwera au Kiyao, acha neno lake lilivyo na uandike maana yake baadaye. Mara nyingi hisia halisi ya siku ile imekaa katika neno hilo.

Swali la kwanza lisiwe juu ya tukio. Nitaonesha kwa mazungumzo niliyoyashuhudia kati ya kijana mmoja na bibi yake, kuhusu siku ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Za huko?"

"Njema, bibi. Bibi, siku tulipopata uhuru ulijisikiaje?"

"Tulifurahi. Watu wote walifurahi sana."

Kijana aliandika maneno hayo na kunyamaza, akidhani mazungumzo yamekwisha. Bibi naye alinyamaza, maana alikuwa amejibu. Nilimwomba kijana ruhusa, nikauliza mimi.

"Samahani, bibi. Siku zile mlikuwa mmekwisha kupanda?"

"Hata! Mvua ilikuwa bado. Tulikuwa tumekwisha kuchoma majani, tunangoja. Mimi nilikuwa kwa shangazi yangu, yule aliyeolewa Rondo. Nilipelekwa nikamsaidie, alikuwa amejifungua."

"Mlikuwa mnalala chumba kimoja naye?"

"Chumba kimoja, mimi chini, mkekani. Mtoto alilia usiku kucha. Ndiyo maana nilisikia ngoma. Wenzangu wote walikuwa wamelala, mimi nilikuwa macho kwa sababu ya yule mtoto. Nikamwamsha shangazi, nikamwambia, 'Shangazi, kuna msiba.' Akaniambia, 'Msiba hauchezwi hivyo. Sikiliza vizuri. Huo ni uhuru.'"

Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mtoto yule walimwita Uhuru kwa siku chache, hadi babu yake alipofika na kumpa jina la ukoo.

Tazama kilichotokea. Swali la kilimo lilimrudisha kwenye majira, majira yakamrudisha kwenye nyumba, nyumba ikampa mkeka, na mkeka ukampa sauti. Kuuliza "ulijisikiaje" mwanzoni ni kumtaka mtu aruke hatua zote hizo. Maswali yanayofaa ni ya namna hii: mlikuwa mnalala kwa nani, mlikula nini jioni, nani alikuwa mgonjwa nyumbani, nani alikuwa na mimba, shamba lilikuwa limefikia wapi, nani alikuwa yuko jandoni au unyagoni. Wazee wetu wengi hawakuhesabu miaka kwa tarakimu, lakini wanaijua kwa mimba, mavuno na misiba, na hesabu hiyo huwa na uhakika kuliko tunavyodhani.

Usimsahihishe mbele yake. Akisema jambo la 1961 ambalo unajua ni la 1964, liandike, kisha siku nyingine uliza upya kutoka upande mwingine. Mzee aliyesahihishwa mara moja huanza kusema anayodhani unataka kuyasikia.

Jambo lingine ni la wanandoa na ndugu. Ukiwauliza pamoja utapata simulizi moja, ya yule mwenye sauti kubwa zaidi. Waulize kila mmoja peke yake, na wakitofautiana, andika simulizi zote mbili, moja chini ya nyingine, bila kuamua nani mkweli.

Kupima bila kufuta

Baada ya kuandika, na baada ya kuandika tu, ndipo kalenda ifunguliwe. Mimi huchora mstari katikati ya ukurasa: kushoto nimeandika ninavyokumbuka, kulia naandika nilichokihakikisha. Upande wa kushoto haufutwi kamwe.

Kwa mambo ya miaka ya karibuni, kipimo chepesi ni siku za wiki. Mlipuko wa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulitokea asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998. Mashambulizi yaliyofanywa nchini Marekani tarehe 11 Septemba 2001 yalikuwa Jumanne, na ingawa huko yalianza asubuhi, kwetu ilikuwa imekaribia saa kumi alasiri. Kwa hiyo anayesema alisikia kabla ya kwenda shuleni asubuhi huenda anaikumbuka Jumatano, na hilo halimfanyi mwongo, linatuonesha tu habari ilikaa njiani muda gani.

Kipimo cha pili, kwa pwani yetu, ni mwezi wa Kiislamu. Mtu anaweza kusema kwa dhati kwamba alikuwa mezani anafuturu aliposikia Rais Magufuli amefariki. Kifo hicho kilitangazwa na Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan usiku wa Jumatano, tarehe 17 Machi 2021, na Ramadhani ya mwaka ule ilianza katikati ya Aprili. Huenda alikuwa amefunga sunna, huenda anaichanganya siku hiyo na nyingine, huenda alikuwa anakula tu chakula cha usiku. Muulize alikula nini, kwani uji na tambi mara nyingi hutoa jibu. Kifo cha Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, kilitangazwa usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 24 Julai 2020, naye akazikwa kwao Lupaso tarehe 29, siku chache kabla ya Idd el-Hajj. Waliokuwa wamekwisha kununua mbuzi wa kuchinja watakuwa na kitu cha kushikia kumbukumbu yao.

Kipimo cha tatu ni vyombo vyenyewe. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Anayekumbuka kuyatazama mazishi ya Sokoine kwenye televisheni akiwa Nachingwea mwaka 1984, bila shaka anakumbuka picha alizoziona miaka mingi baadaye, na hilo nalo liandikwe, pamoja na mahali alipoziona. Ule mfuko wa rambo wa mama wa Mikindani nilijiuliza kama ungeweza kuwapo mwaka 2019. Ungeweza, kwa sababu marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza tarehe 1 Juni mwaka huo, majuma matano tu baada ya Kenneth. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Neisser mwenyewe alikuwa mfano wa haya. Kwa miaka mingi alikumbuka kwamba alikuwa akisikiliza mchezo wa besiboli redioni habari ya shambulio la Wajapani dhidi ya Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani, ilipotangazwa, hadi siku moja alipotambua kwamba shambulio lilikuwa tarehe 7 Desemba 1941, na besiboli haichezwi Desemba. Sisi tuna vipimo vya namna hiyo kila mahali tunapogeuka. Mkorosho hautoi korosho mwezi wa Machi. Mpunga hauamiwi Septemba.

Mambo yenye maumivu

Zipo habari ambazo tulikuwa ndani yake. Mei 2013, siku hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni Dodoma, Mtwara ilikumbwa na vurugu zilizotokana na suala la bomba la gesi, na kila familia iliyokuwapo mjini ina simulizi yake. Kwa siku za namna hiyo weka mipaka mitatu. Andika ulichokiona kwa macho yako katika aya moja, na ulichoambiwa katika aya nyingine. Usitaje jina la jirani wala la mtu yeyote aliye hai bila idhini yake, hata kama unamsifu. Na usimlazimishe mtu kusimulia. Akisema "tuyaache hayo," andika kwamba alisema hivyo, na tarehe, basi.

Kuhifadhi

Daftari lenye jalada gumu hudumu kuliko karatasi moja moja. Chumvi ya bahari na unyevu wa masika huharibu karatasi, na mchwa hana haraka lakini hakosi, kwa hiyo weka daftari ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni. Piga picha kila ukurasa kwa simu na umtumie ndugu anayeishi mkoa mwingine. Sauti ulizorekodi zihamishe kutoka kwenye simu mapema, kwa maana simu huibiwa, huanguka majini, na huuzwa ikiwa bado na sauti ya marehemu ndani yake. Mimi nilipoteza sauti ya mama mkubwa wangu kwa namna hiyo, na nimebaki na nusu ukurasa niliouandika kwa penseli.

Mwisho naweka hapa ukurasa wangu wa Sokoine kama ulivyo katika daftari, ili msomaji aone kazi iliyokamilika inavyofanana.

Kushoto. Nimeandika tarehe 3 Juni. Nilikuwa juu ya dungu, bonde la Lukuledi. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama. Mkononi kombeo, mfukoni mawe saba au manane. Mjomba alikuja kwa baiskeli, kanzu ameikunja. Hakuniita. Alisimama, akateremsha kanzu, akamwambia mama. Mama aliacha jembe limesimama ardhini, akaweka mikono yote miwili kichwani. Ndege walishuka wengi upande wa mtoni, nami nilikuwa nimelishika kombeo, lakini sikujua kama inaruhusiwa kupiga kelele. Nilimtazama mama anipe ishara. Hakunitazama. Ndege walikula.

Kulia. Alhamisi 12 Aprili 1984, jioni, imetangazwa redioni. Sisi Ijumaa tarehe 13, asubuhi. Njiani: usiku mmoja. Mwenye redio: bado sijamjua, kumuuliza binamu wa Mingoyo.